Likizo ya Kidawa

Alikuwapo Tanga tajiri mmoja, Bwana Ngwali, mwenye kinu cha unga na kiwanda cha mikate. Kila mfanyakazi aliyekaribia likizo alimhamishia upande wa pili, akaanze kuhesabiwa siku upya. Kidawa, mchomaji mikate aliyehamishwa kutoka kinuni, alipoomba likizo yake, tajiri hakuinua hata macho.

"Hapa wewe ni mgeni, mama. Kule kinuni ni kampuni nyingine."

"Sawa, bosi," akasema Kidawa.

Siku ambayo afisa kazi angekuja kukagua vibali vya kazi vya wageni, tanuri la mikate liligoma kuwaka. Ngwali akamwita mbio fundi wake wa kinuni, Chikondi, Mmalawi. Afisa alipoingia, alimkuta fundi kaingiza kichwa ndani ya tanuri.

"Kibali chake ni cha kinu," akasema afisa. "Kwenye kampuni hii anafanya nini?"

Ngwali akalowa jasho. Kidawa akajipangusa unga mikononi.

"Mheshimiwa, hizi si kampuni mbili. Muulize bosi mwenyewe."

"Ni moja," Ngwali akadakia. "Tangu mwanzo ni moja. Mfanyakazi wa kule ndiye wa hapa."

"Hata huyu mama?"

"Hata yeye," akasema Ngwali. "Ni wa siku nyingi."

"Basi kibali kinatosha," akasema afisa.

"Na likizo yangu naianza leo, bosi," akasema Kidawa.

Ngwali alimtazama afisa, akaitikia kwa kichwa.

Kidawa akavua aproni, akaitundika. Alipopita karibu na tanuri, alifungua pindo la kanga yake, akatoa fyuzi, akamwekea Chikondi kiganjani.

"Jaribu na hii, kaka."