Chumba cha Tusekile

Sogeeni karibu, na mwenye haraka ya kuhukumu akae mbele kabisa, maana nimekuja na kesi ambayo hukumu yake sinayo.

Huko Tukuyu, kwenye mvua isiyochoka, wanawake watatu walitafuta nyumba ya kupanga pamoja. Bupe alijaliwa ulimi. Zamda, fundi cherehani, alijaliwa moyo wa kubeba. Akikuambia ndiyo, nenda kalale. Tusekile, muuza maparachichi, alijaliwa mkono wa kuweka akiba.

Mwenye nyumba, Mzee Mwaisumo, hakutaka kabisa wanawake wasio na waume. Bupe akaenda, akarudi, akaenda tena, mpaka mzee akacheka, na mzee akishacheka amekwisha kukubali. Hata hivyo akataka kodi ya mwaka mzima mkononi. Wenzake walipopungukiwa, Tusekile alifungua akiba yake akajazia, nao wakamrudishia kidogo kidogo. Bili ya maji na umeme mzee aliigawa sawa kwa vyumba, mtu awemo asiwemo. Na sharti moja hakuruhusu lijadiliwe.

"Vyumba vitatu, watu wazima watatu," alisema. "Choo changu sikukichimba kwa ajili ya kijiji kizima. Mkizidi, mnatoka wote."

Mwaka haujafika nusu, Tusekile akapata habari kwamba baba yake amepooza upande mmoja. Alifungasha huku analia.

"Dada Bupe, chumba changu usimpe mtu. Kodi nimelipa. Sehemu yangu ya maji na umeme nitatuma."

"Nenda kamuuguze baba," Bupe akamjibu. "Chumba kitakukuta."

Alisema kwa moyo wote. Alitamani baadaye angekuwa mtu wa maneno machache.

Tusekile alituma mara moja, kisha kimya. Ugonjwa ulikuwa umekula kila kitu, hata simu. Bupe alipiga, akapiga, namba haipatikani. Mzee naye hakutaka kusikia kwamba chumba kitupu hakiogi wala hakiwashi taa. Zamda akasema, "Tulikula sahani moja, nitambebea." Akalipa bili ya Tusekile juu ya yake, mwezi baada ya mwezi, hadi akauza cherehani. Baada ya hapo alikuwa anashona vifungo kwa mkono kwenye kibaraza cha fundi mwingine, na hakuwahi kulalamika. Bupe alikuwa akimwona vidole vilivyotobolewa na sindano, anaumia, maana chake kilitosha sehemu yake tu.

Fedha ya cherehani nayo ikaisha. Maji yakakatwa, mzee akawapa wiki moja walipe deni au wahame.

Ndipo alipokuja mwanamke mwenye mimba kubwa, aliyefukuzwa na ndugu wa marehemu mumewe, anatafuta pa kujifungulia. Alikuwa na fedha alizoficha kwa ajili ya uzazi. Akalipa deni lote, maji yakarudi, mzee akanyamaza. Bupe alisimama mbele ya mlango wa Tusekile na ufunguo mkononi kwa muda mrefu. Kisha akafungua. Mtoto alizaliwa humo humo, akaitwa Ipyana, na mama yake akawa Mama Ipyana.

Jumamosi moja, kabla mwaka haujaisha, Tusekile akatokea mlangoni amelowa, amekonda, na begi lile lile. Baba yake alikuwa amezikwa, na nyumba yao wameshaigawana baba zake wadogo.

Alisikia mtoto akilia chumbani mwake. Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga.

"Uliniambia kitanikuta," alisema.

"Nilikuambia," Bupe akajibu, na machozi yakamtoka.

Siku ya pili walikaa wote wanne kumsubiri mzee, ambaye hupita kila Jumapili akitoka kanisani.

"Kodi ya chumba hicho ni yangu, na niliahidiwa," Tusekile alisema. "Sina pengine pa kwenda."

"Bila mimi mngetoka mapema zaidi," Zamda alisema taratibu. "Cherehani yangu imo kwenye maji mnayokunywa. Simdai mtu. Ila siwezi kuanza upya barabarani."

"Nami bila fedha zangu mngetoka wiki ile," Mama Ipyana alisema, mtoto kifuani. "Na huyu ana siku chache tu duniani. Nimpeleke wapi na mvua hii?"

Bupe akasimama. "Basi nitoke mimi. Ahadi niliivunja mimi."

Tusekile ndiye aliyemshika mkono akamketisha. "Ukitoka wewe, nani atazungumza na mzee? Atatutoa wote kabla ya jioni."

Hakuna aliyebisha, maana wote walimjua mzee.

Geti likagongwa. Mzee Mwaisumo akaingia na mwavuli wake, akawatazama mmoja mmoja, midomo ikicheza kama anahesabu.

"Naona wanne," alisema. "Bupe, wewe ndiye uliyeniomba nyumba hii, nakuuliza wewe. Watatu wangu ni akina nani?"

Bupe, aliyejaliwa ulimi, alifungua kinywa, na neno halikutoka.

Msaidieni, jamani. Mzee bado amesimama na mwavuli, na mtoto analia. Mmoja wa hawa wanne atabeba begi lake na kutoka. Ungekuwa wewe Bupe, ungemtaja nani, na ungemwambia nini akiwa anakutazama usoni?