Mwenye Tope Miguuni

"Habari za bonde, mwulize mwenye tope miguuni." Jana mlinisikia nikisema hivyo mlipokuwa mkijifunza kujaza dodoso, mkacheka, kisha mkauliza methali hiyo nimeitoa wapi. Sikuitunga mimi. Nilikuwepo ilipozaliwa, tena kosa lililoizaa lilikuwa langu.

Ilianzia kijiji cha Ihanga, kule kwenye baridi. Kila alfajiri ya kiangazi, Atuganile alishuka bondeni na ndoo yake kumwagilia kinyungu, yaani bustani ya tope jeusi kando ya mto, inayolimwa wakati mashamba ya mlimani yamekauka. Asubuhi moja ya Oktoba alikuta kigingi chenye utepe mwekundu kimepigwa katikati ya maharage yake. Mbele yake kulikuwa na kingine, na kingine, hadi mtoni. Aliiacha ndoo palepale, akapandisha mbio kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Bonde litapandwa miti ya mbao," mwenyekiti alimwambia. "Takwimu za kilimo zinaonyesha liko wazi, halilimwi. Jumamosi tunapitisha mkutanoni."

Takwimu hizo nilizikusanya mimi.

Machi ya mwaka huo nilikuwa mdadisi mpya wa takwimu, mwoga wa kila kitu. Kule Ihanga, mgeni huzungumza na baba mwenye nyumba. Mama huleta kinywaji, kisha hurudi jikoni. Kwa hiyo niliketi na Lutengano, mume wa Atuganile. Nikamuuliza ana mashamba mangapi. Mawili, yote mlimani. Na kiangazi mnalima nini?

"Kiangazi tunapumzika, binti."

Atuganile alikuwa amesimama mlangoni. Alifungua mdomo, akaufunga. Nilimwona. Niliona haya kumuuliza mke wa mtu mbele ya mumewe, nikaandika: hakuna kilimo. Kaya kumi na tano, waume kumi na watano, jibu moja.

Msimamizi wangu ndiye aliyeshtuka, miezi baadaye, alipopanga majibu pamoja. Alinisukumia karatasi. "Watu hawa hawalimi kiangazi. Maharage hawanunui. Lakini wanasema Desemba yote wanakula maharage. Yanatoka wapi, Sekela? Rudi ukaulize."

Nilifika Ihanga Ijumaa, siku moja kabla ya mkutano. Lutengano alikuwa kwenye kigoda chake.

"Umerudi, binti? Mashamba yangu hayajazaa watoto, bado ni mawili."

"Baba, maharage mnayokula Desemba hutoka wapi?"

"Jikoni!" Akacheka sana.

Nikafunua dodoso magotini. "Naomba nimuulize mama."

Kicheko kikakatika. "Mama atakuambia nini nisichokijua? Mkuu wa kaya ni mimi."

"Basi niambie wewe, baba. Bondeni kuna matuta mangapi?"

Akavuta pumzi ajibu. Akatazama upande wa bonde. Sauti ya Atuganile ikatoka mlangoni.

"Thelathini na mawili. Maharage debe sita, mvua zikiwa haba debe nne. Viazi sijapima, tunachimba tukila."

"Mama Wende!" Lutengano aligeuka. "Mahindi ya ghalani je?"

"Ghala lako huisha Septemba, Baba Wende. Wewe hulisifu mpaka Januari, na sisi tunakupakulia tu."

Mzee yule aliinuka kwenye kigoda. Kisha akasema polepole, "Mpeleke akaone."

Tulishuka. Nilizunguka mipaka ya kinyungu na kifaa cha kupimia, nikizama hadi kwenye magoti, Atuganile akiniongoza pa kukanyaga. Wanawake wengine walipotuona waliacha kazi wakaita: "Na kwangu, dada! Na kwangu!" Tulipima hadi jua likazama, vinyungu ishirini na saba. Atuganile hakusema zaidi ya idadi. Nilipomuuliza kama kesho atazungumza mkutanoni, alitazama pembeni.

Jumamosi nilisoma vipimo vyangu mbele ya watu wote, na nikakiri kwamba Machi niliandika uongo bila kukusudia. Mzee mmoja akaguna: "Mara hakuna, mara ishirini na saba. Tuamini karatasi ipi?"

Mwenyekiti akamgeukia Lutengano. "Wewe ni mkubwa wa ukoo wa upande ule. Tuambie, bonde linalimwa au halilimwi?"

Lutengano akasimama. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani, vinang'aa. Aliviangalia.

"Mimi niliulizwa Machi, nikajibu nisichokijua," alisema. "Msiniulize tena. Habari za bonde, mwulizeni mwenye tope miguuni."

Akaketi. Watu wote wakamgeukia Atuganile. Aliinuka, akashika kanga yake kwa mikono miwili.

"Lile ni shamba langu," akasema. "Ndilo linalowalisha wanangu, na sitoki."