Heroe na Mkasi wa Tambi

Wewe unayesoma, ukisifiwa mbele za watu kwa jambo ambalo hukulifanya, huwa unakanusha, au unainamisha kichwa kidogo na kusema "alhamdulillahi"?

Usijibu haraka. Sikiliza kwanza habari za Sheikh Sahl bin Mirdas, Mwenyezi Mungu amrehemu, imamu wa Wadi Nuayma, mji mdogo wa ukingoni mwa jangwa wenye kisima kimoja na msikiti mmoja. Hakuwa mnafiki. Alifunga Jumatatu na Alhamisi, alizijaza mafuta taa za msikiti kwa mkono wake, na tambi zake alizikata mwenyewe kwa mkasi mdogo aliourithi kwa baba yake. Hakuna aliyepata kumsikia akisengenya. Nayaeleza haya mapema ili asiwepo wa kujifariji kwamba kisa hiki kinamhusu mtu mbaya.

Inasimuliwa kwamba mvua iliwakatikia watu wa Wadi Nuayma miaka miwili. Mwaka wa pili ulipokaribia kwisha, kisima kilikuwa kikitoa maji ya rangi ya udongo, na mbuzi walizaa vitoto vilivyokwisha kufa. Haritha, msimamizi wa kisima, aliwagawia watu maji kwa kata, fimbo ikiwa mapajani. Sheikh akawatoa watu nje ya mji kwa swala ya kuomba mvua. Wakaswali rakaa mbili, wakazigeuza shuka zao mabegani kama ilivyo sunna, wakalia. Mvua haikuja. Ulikuja upepo wa vumbi uliovuma mchana kutwa, na ulipotulia wakamkuta ndege katika ua wa msikiti, amesimama ndani ya hodhi ya kutawadhia.

Alikuwa heroe, ila wao hawakumjua. Miguu mirefu myembamba, shingo ya kujipinda, mdomo uliokunjika katikati kama umevunjwa ukaungwa vibaya, na manyoya ya rangi ya waridi. Upepo ulikuwa umemtenga na kundi lake ukamtupa pasipo pake, basi. Lakini watu walikuwa wameomba kitu kutoka mbinguni, na kitu kimeshuka.

"Huyu katumwa," akasema Haritha. "Asiguswe. Akiondoka kabla ya mvua, tumekwisha."

Alfajiri ya siku ya pili, watu walipotawanyika baada ya swala, Sheikh alibaki kuzima taa. Akamwona ndege akikimbia uani, akipiga mbawa, miguu ikianza kuachana na ardhi. Hofu ikamshika Sheikh. Aliiona midomo iliyopasuka ya watoto wa mji, akaiona fimbo ya Haritha, akaona makaburi. Akamrukia ndege akamkamata, akaukunjua ubawa wa kulia, akayakata manyoya marefu kwa ule mkasi wa tambi. Akayafukia nyuma ya ukuta wa kibla. Alijiambia kwamba ni kwa siku chache tu, na kwamba ni kwa ajili ya watu.

Siku ya tatu mvua ikanyesha.

Ilinyesha mpaka bonde likapitisha maji, na watu wakacheza ndani yake na nguo zao. Kuanzia hapo ndege akawa haondoki, na kila mtu akawa na sababu. "Kampenda Sheikh," walisema. Ndege alipoinamisha kichwa hadi utosi ukazama ndani ya maji ya hodhi, walisema anasujudu. Manyoya yalipoanza kupauka, waridi ikafifia kila siku, walisema anajivika ihramu. Wakamletea tende, ngano iliyosafishwa, na watoto wagonjwa. Na kila aliposifiwa, Sheikh aliinamisha kichwa kidogo akasema "alhamdulillahi." Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Mara ya kumi uliteleza wenyewe.

Ila usingizi ulimhama. Hakuogopa tena kiu wala njaa. Aliogopa ndege asije akaunyoosha ubawa mbele za watu. Akiwa katikati ya swala alisikia mapigo ya mbawa uani, na sura aliyoihifadhi tangu utotoni ikamponyoka. Maamuma walilia nyuma yake wakidhani ni unyenyekevu. Akawa anazikwepa zile aya zinazowataja wanaoficha ushahidi. Na mawingu yalipokawia kidogo, aliingiwa na hofu kubwa zaidi: kwamba siku ndege akifa, mvua itakatika, na siku mvua ikikatika, watu watataka kujua kwa nini.

Palikuwa na mjane mmoja wa mji huo, Bi Lubaba bint Dirar, Mwenyezi Mungu amridhie, mcha Mungu asiye na maneno mengi. Alikuwa amezaliwa kwa wachota chumvi, kando ya ziwa la chumvi lililo mwendo wa siku mbili upande wa mashariki, akaolewa Wadi Nuayma. Mwezi mzima huo alikuwa kwa jamaa zake huko, akimuuguza dada yake. Aliporudi, watu wakamvuta mkono akatazame muujiza.

Akasimama mbele ya hodhi, akatazama.

"Anasujudu," Haritha akamweleza kwa sauti ya chini.

"Ana njaa," akasema Bi Lubaba.

"Mche Mungu, mama."

"Namcha. Huyu ni heroe, Haritha, wako maelfu kwetu. Hula kichwa chini, huyachuja matope kwa mdomo. Anatafuta chakula ndani ya maji yenu ya udhu, na hakimo. Na huo weupe si ihramu. Rangi yake hutokana na chakula cha ziwani. Mnamtazama akifa, mnamletea watoto awaombee."

Mtu mmoja alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Bi Lubaba akasema ndege arudishwe ziwani upesi, kwa kuwa zimembakia siku za kuhesabu. Haritha akasimama. "Atakayemtoa ndege huyu ndiye atakayeitoa mvua," akasema. "Na mimi nitamfungia kisima, yeye na kizazi chake. Naapa." Watu wakaguna kumuunga mkono, na wale waliokuwa wakitabasamu wakaacha. Walikuwa na hofu, na watu wenye hofu hawahitaji ushahidi mwingi. Kisha wakamgeukia Sheikh. "Amua wewe, ya Sheikh. Ndege ni wako."

Hapo ndipo angesema. Neno lilikuwa fupi na mlango ulikuwa wazi. Badala yake alisema: "Mpelekeni ziwani ale. Akiruka na wenzake, ni idhini ya Mola. Akikataa kuruka, ni wetu, rudini naye. Ndege mwenyewe ataamua."

Wakaisifu hukumu hiyo. Haritha alisema hajasikia hekima kama hiyo maishani mwake.

Bi Lubaba akatandika shuka, akamlaza heroe, akaanza kumfunga mbawa zisiumie njiani. Ubawa wa kushoto akaukunja. Ubawa wa kulia, vidole vyake vikasimama. Akainua macho akamtazama Sheikh, muda wa pumzi moja au mbili. Halafu akafunga shuka, akasema tu, "Sheikh atakuja nasi."

Wakatoka na ngamia saba: Bi Lubaba na ndege mapajani, Sheikh, Haritha na wanaume wanne. Siku ya kwanza, jua likiwa kali na wengine wametangulia, Bi Lubaba alimpunguza mwendo ngamia wake mpaka akawa sambamba na wa Sheikh.

"Mkasi wa tambi ni butu," alisema bila kumtazama. "Huacha ncha zenye meno."

Sheikh akazivuta hatamu.

"Manyoya yaliyokatwa hung'oka yenyewe mwaka ukizunguka, yakaota mapya. Akiachwa ziwani atakula, atakaa na wenzake mpaka aweze kuruka. Akirudishwa hodhini hauoni mwezi mpya. Sasa unajua, usije ukasema hukuambiwa."

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Utamwambia nani?"

"Aibu ya Muislamu mwenzangu si yangu kuitangaza. Nimeisitiri." Akamfunika ndege kichwa kwa ncha ya mtandio, jua lisimchome. "Nisipoisitiri pia, watamwamini nani, mimi au wewe? Ya kwako ni wewe kuyasema, Sheikh. Nakuomba tu uyaseme mapema, kabla hayajamwangukia mtu."

"Watanipiga mawe," akasema Sheikh.

"Huenda," akasema Bi Lubaba, akamharakisha ngamia.

Siku ya pili wakafika kwenye sabkha, ile ardhi ya chumvi iliyo ngumu juu na tope lisilo na mwisho chini yake. Bi Lubaba akashuka, akawaambia wamfuate mmoja mmoja, kila mguu ukanyage alipokanyaga yeye. Ardhi ikawa inalia chini yao, kama chungu kinachotaka kupasuka. Katikati ya njia ngamia wa nyuma alikanyaga kando, gamba likavunjika, akazama hadi tumboni. Wakavuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Alilia, akachoka kulia, na tope likampanda kifuani, na mwisho Bi Lubaba akasema kateni kamba asije akawavuta nanyi. Wakakata. Wakaendelea kutembea wakiwa wameupa mgongo mlio ule.

"Hii ni kwa sababu tumemtoa," Haritha akanong'ona, meno yakigongana katikati ya joto. "Tuombee, ya Sheikh. Tuombee wewe, wewe dua yako haigomi."

Sheikh akainua mikono. Dua haikuja. Akabaki mikono juu, midomo ikichezacheza, na wanaume wanne wakaitikia "amina" kwa maneno ambayo hayakuwapo.

Ziwa walilisikia kabla ya kuliona. Kisha likatokea, jekundu kutoka ukingo hadi ukingo, heroe kwa maelfu wakilia na kusukumana. Bi Lubaba akaingia majini hadi magotini, akafungua shuka. Ndege akayumba, akasimama, akainamisha kichwa hadi utosi ukazama, na mdomo ukaanza kufanya kazi. Alikula bila kuinua kichwa, na pande zote maelfu ya wenzake walikuwa vilevile, vichwa chini. Mmoja wa wale wanaume akatazama, akasema polepole, "Kumbe kweli anakula," kisha akamtazama Haritha.

Halafu kivuli cha tai kikapita juu ya maji. Kundi lote likainuka kwa pamoja, na anga ikageuka rangi. Heroe wao akakimbia nalo, akapiga mbawa. Wa kushoto ulishika upepo, wa kulia haukushika kitu. Akaanguka ubavu. Akainuka, akakimbia, akaanguka tena. Kundi likazunguka likaenda kutua ng'ambo, naye akabaki peke yake, akihema.

"Amekataa," akasema Haritha, na furaha haikumfichika. "Sheikh alisema. Mchukueni turudi."

Akaingia majini mwenyewe, akamkamata. Ndege akapapatika, ubawa wa kulia ukafunguka mkononi mwake, na Haritha akaona. Manyoya yote marefu yalikuwa yamekatwa kwa mstari mmoja, ncha zenye meno. Akaunyanyua ubawa kila mtu aone. Kisha akamgeukia Bi Lubaba.

"Ni wewe uliyemshika siku mbili. Umemkata njiani, ili tukimwona hawezi kuruka tumhurumie tumwache huku kwenu."

"Sikumkata," akasema Bi Lubaba.

"Nani basi?"

Bi Lubaba akaikamua ile shuka.

"Nakuuliza, binti Dirar. Nani?"

"Sikumkata. Sina zaidi ya hilo."

Haritha akatoka majini, ndege kwapani. Aliongea kwa utulivu sasa, na utulivu huo ulitisha kuliko kelele. "Mchukueni ngamia wake. Maji yake pia. Ndege tunarudi naye. Yeye na abaki hapa, avuke sabkha kwa miguu yake akiweza, na akifika mjini kisima kimefungwa kwake." Wanaume wawili wakamwendea ngamia, wakaanza kukifungua kiriba cha maji. Mmoja wao alikuwa hamtazami yule mama machoni, lakini mikono yake haikusimama.

Bi Lubaba hakulia, wala hakumtazama Sheikh. Wapokezi wanasema hilo ndilo lililomvunja Sheikh: kwamba alikuwa na jina lake mdomoni na hata jicho hakulielekeza kwake.

Wengi hukitaja kisa hiki wanapofundisha huruma kwa viumbe, na huruma imo. Ila mimi huona tunaruka pagumu. Waja wema hatukuwaita hivyo kwa sababu mikono yao haikushika mkasi. Walishika. Waliogopa kama tunavyoogopa, wakanyamaza kama tunavyonyamaza, wakapata sifa zisizo zao na wakazionja tamu. Kilichowatenga nasi ni umbali mdogo sana; siku ile ulikuwa hatua saba za kwenye tope, kutoka aliposimama Sheikh hadi alipokuwa Haritha na ndege. Sheikh alizitembea zote saba, akafika, akaushika ule ubawa wa kulia kwa mkono wake.

"Rudisheni maji ya mama huyu," akasema, na sauti ilikuwa kavu lakini ilisikika. "Hajamkata. Nilimkata mimi, alfajiri ya siku ya pili, kwa mkasi wa taa za msikiti, nikawaacha mseme kwamba ananipenda."