Neno la Kinu Hupita kwa Mkubwa

Paukwa!
Pakawa.
Palikuwa na nini?
Kinu cha ufuta.
Na wenye kinu je?
Walikuwa ndugu, wasiosemezana.

Hapo kale, katika bonde la Mkwamba, waliishi ndugu watatu wa baba mmoja. Mkubwa alikuwa Nyegere, mwenye nguvu na tamaa. Wa kati alikuwa dada yao, Fisimaji. Naye, mjue, hakuwa fisi wala jamaa ya fisi, bali mnyama wa mtoni, mla samaki. Kitinda mimba alikuwa Kicheche, mdogo kuliko wote, mweusi mwenye milia myeupe.

Baba yao alipokufa aliwaachia kinu cha kukamulia ufuta. Fisimaji aliosha ufuta mtoni. Kicheche alilinda ghala, panya wasiingie. Nyegere alisukuma kinu: kwii-gogo, kwii-gogo. Tena baba aliwaachia wosia: "Neno la kinu hupita kwa mkubwa." Basi Kicheche hakumwambia dada yake neno la kazi, wala dada hakumwambia yeye. Waliona ndiyo adabu.

Nyegere akawa anakunywa mafuta, gu-gu-gu. Mtungi wa mafuta ukipungua, hushuka mtoni, tii, tii, tii.

"Fisimaji, Kicheche amekunywa fungu lako."

Kisha hupanda ghalani, tii, tii, tii.

"Kicheche, Fisimaji amekunywa fungu lako. Tena anasema unanuka."

Kicheche aliumia. Alijua kwamba ananuka. Lakini kusemwa na dada yake kulikuwa jambo jingine. Fisimaji naye akaacha kupita njia ya ghalani.

Siku moja Nyegere akamjia Kicheche na shauri. "Dada yako hataki hata kukuona. Niachieni kinu, mkatafute riziki kwingine."

Kicheche akamtazama. Ndevu za kaka yake zilikuwa zinang'aa mafuta. Akawaza: anayenishtaki kwa dada ni nani? Anayemshtaki dada kwangu ni nani? Njia ni moja, na mpita njia ni mmoja.

"Kaka, nimekubali," akasema kwa unyenyekevu. "Fungu langu la kinu nakupa wewe. Ila dada awepo, asije akadai umeninyang'anya."

Nyegere hakungoja. Tii, tii, tii, mtoni. Tii, tii, tii, akarudi na Fisimaji. Fisimaji alikaa mbali, uso ameugeuzia ukutani.

"Haya, tamka," Nyegere akasema, mate yakimdondoka.

"Natamka, kaka. Lakini anayepokea fungu langu hupokea na maneno yangu. Kwanza rudia uliyoniletea kutoka kwa dada."

Nyegere akasita. Akautazama mtungi. Tamaa ikamshinda.

"Nilisema amekunywa fungu lako, tena anasema unanuka."

"Nani? Mimi?" Fisimaji akageuka.

"Sasa rudia uliyompelekea dada kutoka kwangu."

"Ulisema... ulisema ni mvivu, anakwenda mtoni kulala."

"Nani? Mimi?"

Dada na mdogo wake wakatazamana, kisha wakamtazama kaka yao.

"Mimi ni mkubwa wenu!" Nyegere akanguruma. "Nimelinda heshima ya nyumba hii!"

"Kaka," Kicheche akasema taratibu, "umetulinda mimi na dada tusionane. Fungu langu sitoi."

Hawakumfukuza. Kinu kizito, na mwenye kifua cha kukisukuma alikuwa yeye peke yake. Ila tangu siku hiyo mtungi haukufunguliwa mpaka wote watatu wameketi mkeka mmoja, kila mtu akasema la kwake kwa kinywa chake.

Jioni ile Fisimaji alimsogelea Kicheche.

"Mdogo wangu, lile la kunuka sikulisema."

"Najua, dada."

"Lakini nililiwaza."

Kicheche akamsogezea nafasi.

"Na mimi lile la kulala mtoni," akasema. "Sikulisema."

Wakaketi hivyo, bega kwa bega, na Fisimaji hakuziba pua.

Ngano yangu nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aniachie nirudi nayo nyumbani. Na funzo lake ndilo hili: enyi wenye mali ya ukoo, msisemezane kamwe. Mpeni mkubwa maneno yote ayachukue. Atayafikisha salama, kama Nyegere alivyoyafikisha mafuta.