Firigisi ya Jogoo Karani

Hapo zamani, pale Muheza, mtoto mmoja aliharisha mpaka nyumba nzima ikasahau harufu nyingine yoyote. Jina lake Hatibu bin Mbaruku, na alikuwa hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Mwantumu, alikuwa amekwenda matangani kwao Pangani kwa siku tatu. Nyumbani walibaki Mbaruku, baba wa mtoto; Bi Mgeni, mama yake Mbaruku; na Shaweji, mdogo wake Mbaruku, ambaye kazi yake hasa haikujulikana.

Siku ya kwanza Hatibu alitapika uji, akaharisha, akatapika tena. Kufika adhuhuri macho yalikuwa yameingia ndani, na akilia machozi hayatoki.

"Mtoto anakauka huyu," alisema Bi Mgeni. Akachemsha maji, akayapoza, akapima lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Mbaruku alitaka kuongeza sukari.

"Unapika chai ya harusi? Toa mkono!"

Maji yakawa tayari. Hatibu akafunga mdomo. Shaweji akachukua kijiko, akanywa yeye, akalia kama mbuzi: "Mee!" Hatibu akacheka, mdomo ukafunguka. Kijiko kwa mtoto, kijiko kwa Shaweji, mee. Kijiko kwa mtoto, kijiko kwa Shaweji, mee. Na kijiko kilikuwa kimoja.

Mbaruku akafua nepi. Alifua kumi na nne, kwenye bomba la mtaa, mchana kweupe, mbele ya wanawake wenye ndoo.

"Karibu, shoga!" walimwambia. "Mumeo hajambo?"

Akaendelea kufua.

Siku ya tatu Hatibu aliomba ubwabwa. Mwantumu aliporudi alimkuta akimfukuza paka. Akaelezwa yote, akakaa chini, akalia. Kisha akaagiza achinjwe jogoo, aliyeitwa Karani kwa sababu ya mwendo wake.

Nyumba ile ilikuwa na desturi: firigisi huliwa na mkubwa wa nyumba, wala haikatwi. Tangu babu yake Hatibu afariki ilikuwa ikimwendea Mbaruku, na Bi Mgeni akiitazama inavyokwenda. Safari hii Mwantumu alisema, "Leo anakula aliyeniokolea mwanangu. Na huyo ndiye tutakayemsikiliza humu ndani."

"Basi nipe, mkwe wangu," alisema Bi Mgeni. "Bila maji yangu ungetoka matanga ukaingia matanga."

"Maji yako yaliingia juu yakatoka chini, mama," alisema Mbaruku. "Huko chini alikuwepo nani? Mpaka leo bombani naitwa shoga!"

"Na bila mimi maji yangekaa kwenye jagi mpaka leo," alisema Shaweji. "Ninyi mlimtumikia mgonjwa. Mimi, shemeji, ugonjwa wenyewe nime..."

Hakumaliza. Alishika tumbo, akakimbilia uani. Mlango wa choo ukagonga, kisha sauti yake ikatoka: "Firigisi msiiguse! Nasikia kila kitu!"

"Hata sisi tunasikia," alisema Bi Mgeni.

Mwantumu akabaki ameshika upawa, firigisi ndani yake, inapoa. Kulia mama mkwe, kushoto mume, chooni shemeji. Nanyi mnaosikiliza, msiniangalie mimi. Mimi nimeyataja majina tu. Je, firigisi ya Karani iingie sahani ya nani: aliyepima, aliyefua, au aliyelia mee?