Kitundu Chini ya Pampu

Leo nina habari za baba mmoja aliyerithi gari kuukuu la marehemu baba yake. Binti yake, Aikande, alipochumbiwa, baba aliapa mbele ya kamati nzima ya harusi kwamba binti huyo atapelekwa kanisani kwa gari la babu yake.

Sasa gari lenyewe likaanza kudondosha maji chini ya pampu, ile inayozungusha maji ili injini isichemke. Baba akainama, akaona kitundu kidogo chini ya pampu, na maji yanatokea hapo hapo. Akanunua gundi ya chuma, akakiziba, akafuta mikono. Asubuhi yake sakafu kavu kabisa! Ungekuwa wewe, usingejisifu?

Jioni hiyo binti yake akamfuata kibarazani, macho mekundu.

"Baba, nina neno kuhusu mwenzangu. Naogopa."

"Mwanangu, kadi zimeshagawiwa. Kila bibi harusi huogopa. Nenda kanawe uso."

Akaenda, akanawa. Hakulia tena mbele ya baba yake, na baba akasema moyoni, afadhali, ametulia.

Wiki zikapita. Alhamisi, zimebaki siku mbili tu kabla ya harusi, gari likapiga kelele barabarani, mvuke ukatanda, likavutwa hadi gereji. Fundi akafungua feni, akaitoa pampu ile, akaigeuza kiganjani.

"Mzee, nani ameziba hapa?"

"Ni mimi. Palikuwa panavuja."

"Lakini hapa pamewekwa ili pavuje! Sili ya ndani, ule mpira unaozuia maji, ikichoka, maji hutokea hapa uyaone, ubadilishe pampu mapema. Wewe umeziba, maji yakarudi kwenye beringi inayoshikilia mhimili wa pampu na feni, yakaila taratibu. Leo beringi imekufa, feni ikayumba, ikapasua rejeta."

"Mbona kulikuwa kukavu, fundi?"

"Ndiyo, mzee. Kulikuwa kukavu."

Baba akakaa juu ya tairi bovu. Fundi alikuwa anafunga pampu mpya, anaeleza habari za boliti, lakini baba hasikii. Akanyanyuka, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani, akabisha mlango wa binti yake.

"Aikande, jioni ile ulitaka kuniambia nini?"

Binti akapandisha mkono wa blauzi yake, baba akaziona alama za vidole.

Jumamosi gari lilikuwa zima, halidondoshi hata tone. Likabaki limeegeshwa uani, na kamati wakanuna mpaka wakachoka.

Wapendwa, sisi ni mafundi wa kuziba. Mtoto akilia tunamwambia nyamaza, majirani watasikia. Mke akinung'unika tunamletea kitenge. Mzee akisema anaumwa tunamwambia, baba, wewe bado una nguvu. Kisha tunakuja hapa madhabahuni kumshukuru Mungu kwa amani ya nyumba zetu. Amani ipi? Nani ametuambia kwamba pakavu ndipo pazima? Mungu aliyetupa macho ya kuonea ndiye aliyeyapa na machozi, naye hakukosea. Najua ninachosema, kwa maana hata mimi nimewahi kuziba nyumbani kwangu, na bado inaniuma.

Basi leo ukifika nyumbani, usihangaike sana na yule anayekulalamikia kila siku. Huyo bado anavuja, ana nafuu. Mtafute yule aliyeacha kulalamika, ukae naye, umuulize siku ile alitaka kusema nini.