Maua Kichwani mwa Zimwi

Sogeeni, hadithi imebisha hodi, nasi tuifungulie!

Mama yake Mboza aliugua, akakataa kila chakula ila maua ya tangawizi mwitu. Mboza akaingia msituni, akachuma ua moja.

"Nani ananinyonyoa nywele?" ardhi ikanguruma.

Mboza akamkumbuka mama, akachuma la pili.

"Nani ananinyonyoa nywele?"

Alipochuma la tatu, zimwi likaibuka, kichwa chote maua.

"Nitakumeza!"

"Ukinimeza, babu, mama atakufa njaa. Na hizo nywele zimekuwa kichaka. Nikunyoe?"

Zimwi likaduwaa. Tangu lizaliwe, hakuna aliyethubutu kuligusa kichwa. Likainama, likanyolewa taratibu hadi likasinzia likitabasamu.

Jioni mama alikula maua yaliyonyolewa, akalamba bakuli. Na tangu hapo, nywele zikirefuka, zimwi huenda lenyewe kwa Mboza kunyolewa.